Mnaoishi Ayalandi naombeni darasa: siasa zao, hurling na hela za umma

Zamu_ya_Asubuhi (Cork)

Habarini za humu wakuu. Mimi niko Cork, huku kusini, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kazi naiweza, baridi nimeizoea, kinachonishinda ni muda wa chai. Tukikaa tu pale jikoni wenzangu wanaanza na mvua, dakika mbili haziishi wameshafika kwenye serikali, serikali inaingia kwenye mpira, mpira unarudi kwenye hela za umma, na mimi na kikombe changu natikisa kichwa kama niko kwenye mahubiri ya dhehebu nisilolijua.

La kwanza ni banda la baiskeli. Bunge lao pale Leinster House lilijengewa banda la kuegesha baiskeli kwa euro 336,000, habari ikatoka Septemba 2024, na hadi leo hakuna mazungumzo yanayoisha banda halijatajwa. Foleni ya hospitali, banda. Shimo barabarani, banda. Juzi mashine ya kufulia pale kazini imegoma kuzunguka, dada wa kufua akaipiga teke akasema hii nayo walinunua wale wale wa banda. Sasa nchi ina bajeti ya mabilioni, laki tatu ni nini?

La pili, wanaisema serikali kuanzia asubuhi hadi jioni, halafu uchaguzi wa Novemba 2024 wakawarudisha wale wale wa vyama vya Fianna Fáil na Fine Gael utadhani hakuna kilichotokea. Kuna babu mmoja namsaidia kuvaa kila siku, umri umevuka themanini, redio yake haizimwi. Huwa anamsema waziri mkuu, Micheál Martin, mpaka anakohoa. Nikamuuliza, babu kwani ulimpigia nani? Akanitazama kwa huruma. Fianna Fáil, ningempigia nani mwingine. Yaani chama cha huyo huyo anayemsema!

La tatu ni mpira wa mafimbo, hurling. Julai 2025 Cork walipopigwa fainali, Jumatatu yake pale kazini palikuwa na msiba, mpaka redio ya babu ilizimwa.

Naombeni mwongozo. Mgeni anasema nini, anakaa kimya wapi, na hawa watu kiukweli wanataka nini?

Kanyagia_Kando (Dublin 7)

Msee karibu. Mimi napeleka chakula kwa baiskeli hapa Dublin kwa hivyo hii ya banda ni yangu kabisa, napita nje ya hilo bunge na begi mgongoni mvua ikininyeshea na najua hapo ndani kuna mahali pa kuegesha ambapo siwezi kuegesha.

Umeuliza laki tatu ni nini. Laki tatu ni nyumba. Sio nyumba ya Dublin, ya Dublin hupati, lakini kule mashambani laki tatu unaweza pata nyumba yenye vyumba na kaua kake, na hapa kuna watu wana miaka thelathini na tano bado wanalala kwa kile chumba walikuwa wanalala wakiwa darasa la tatu juu kodi haishikiki, na wenzao nusu wameenda Australia. Sasa huyo mtu mwambie kuna banda la bei ya nyumba, afu banda lenyewe pembeni liko wazi na mvua ya hapa haishuki wima, inakuja kwa upande. Ndo hasira inatoka hapo. Kila mtu hapa ashawahi kujenga kabanda nyuma ya nyumba, anajua mbao ni ngapi, simenti ni ngapi, fundi anadai ngapi. Hesabu anaipiga mwenyewe akiwa amekaa.

Hospitali ya watoto je? Hiyo inajengwa pale St James's, mwanzoni ilitajwa milioni 650, 2017 ikapitishwa kwa milioni 983, kufika 2024 ikawa bilioni 2.24. Hayo ni mabanda zaidi ya elfu sita! Lakini nani anajua hospitali inafaa kuwa bei gani? Mtu akisikia bilioni anaguna anaongeza maziwa kwa chai. Akisikia banda anasimama.

Na banda sio la kwanza, andika hizi utazihitaji. Kuna mashine za kupigia kura, zaidi ya milioni 50, zikajaribiwa majimbo machache 2002, zikakaa stoo za kukodi miaka na miaka, 2012 zikauzwa chuma chakavu kwa kama elfu 70. Kuna printa ya bunge, laki nane na kitu, ilipofika ikaonekana haitoshei chumbani juu dari iko chini, ikabidi jengo lifanyiwe kazi ndo printa iingie. Na kuna ndala. RTÉ, hiyo ni televisheni ya taifa, 2023 ikajulikana walimlipa mtangazaji wao mkubwa Ryan Tubridy euro 345,000 kwa miaka kadhaa bila kuzitangaza, wakubwa wakaitwa bungeni kamati baada ya kamati, na kwa zile karatasi zikatokea jozi 200 za ndala za pati, karibu euro elfu tano. Nakwambia zile laki tatu na nusu watu washaanza kuzisahau. Ndala hakuna mtu amesahau. Leseni ya TV ni 160 kwa mwaka na wengi waliacha kulipa, jirani yangu ukimuuliza anakwambia yeye hamnunulii mtu ndala.

Mpitanjia_Dar

Samahani wadau, Ayalandi si iko Uingereza? Hao nao wana bunge la kwao?

Kanyagia_Kando

Bro futa hiyo haraka 😂 Ni jamhuri, wana bunge lao na rais wao na wanatumia euro. Zile kaunti 6 za kaskazini ndo ziko chini ya Uingereza. Swali kama hilo uliulizie baa ya Cork, utanunuliwa bia na utaelimishwa mpaka wafunge.

Mama_Mapacha (Thurles, Tipperary)

Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo. Mdogo wangu wa Cork pole na msiba, ila ujue unaongea na mtu wa Tipperary, sisi ndo tuliowafiwisha.

Ngoja nikueleze hiyo fainali maana wenzako hawatakueleza sawasawa. Mpira ukiingia golini ni pointi 3, ukipita juu ya mwamba pointi 1. Cork walikuwa hawajabeba kombe tangu 2005, na mwaka huo wa 2025 walishawatoa Limerick kwa penalti fainali ya Munster, mkoa wa kusini, kwa hiyo nchi nzima ilishawavisha taji. Mapumziko wanaongoza kwa pointi 6. Kipindi cha pili kizima wakapata pointi 2. Mbili! Tipperary wakaondoka na 3-27 kwa 1-18, yaani magoli 3 na pointi 27 kwa goli 1 na pointi 18, kijana wa miaka 19, Darragh McCarthy, peke yake katia 1-13. Kwa hiyo umeuliza ukae kimya wapi, nakwambia hapo. Usimuulize mtu wa Cork kipindi cha pili kilikuwaje.

Sasa siasa. Mimi siasa za hapa sikuzielewa mpaka wanangu walipoanza kucheza. Chama cha michezo, GAA, kilianzishwa hapa hapa Thurles, Hayes' Hotel, mwaka 1884, na mpaka leo wachezaji hawana mshahara. Hao unaowaona Croke Park, uwanja mkubwa wa Dublin, mbele ya watu elfu 82, Jumatatu yupo darasani anafundisha hesabu au yupo zizini na ng'ombe. Klabu ni ya parokia na inaendeshwa na wazazi. Jumamosi mimi nakata sandwichi za mayai, baba mmoja anapiga chokaa mistari ya uwanja, mwingine anazunguka na tiketi za bahati nasibu ya klabu, na wote watatu tunaichana serikali kwa ubadhirifu, mimi mwenyewe nikiwemo maana nimeshajifunza maneno. Halafu siku hiyo inakuja barua ya ruzuku ya michezo, klabu imepewa hela za taa za uwanja, na barua haijafika mbunge ameshatangaza, ameshapiga picha na mwenyekiti kashika fimbo asiyojua kuishika. Ungeona makofi! Hakuna hata mmoja aliyeuliza taa bei gani. Nikasema kumbe. Hawa hawachukii serikali kutumia hela, wanachukia ikizitumia kwa jirani. Dublin ikijengewa kitu ni ubadhirifu, Thurles ikijengewa ni haki iliyochelewa.

Na babu yako usimshangae. Vile vyama viwili vilitoka kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe ya 1922 na 1923, upande huu na upande ule, na familia zikabaki pale pale baba zao walipowaachia. Vikapishana madarakani miaka yote, 2020 ndo vikakaa pamoja serikali moja kwa mara ya kwanza, na 2024 Fianna Fáil wakapata viti 48, Fine Gael 38, Sinn Féin katikati na 39, wale wawili wakajumlisha na wabunge huru wakaendelea. Lakini kubwa zaidi kwa babu ni kwamba Micheál Martin ni mtoto wa Cork. Anamsema kwa kuwa ni wake. Jaribu wewe au mtu wa Dublin kumsema uone babu atakavyogeuka.

Ukitaka kuona hii kitu imekomaa nenda Kerry. Jackie Healy-Rae aliingia bungeni 1997 kama mbunge huru, serikali ya Bertie Ahern ikawa inahitaji kura yake, Kerry ikapata barabara. Leo wanawe wawili, Michael na Danny, wote wamo bungeni, na Michael na kofia yake nyeusi isiyotoka kichwani alipewa unaibu waziri 2025. Dublin wanawacheka. Kerry wanapita zao kwenye lami.

Mbishi_Magharibi (Galway)

Mama Mapacha umesema kweli nusu, ila mnaliona banda kwa macho ya Waayalandi. Mimi nililiona kwa macho ya nyumbani. Banda la laki tatu, swali la kwanza ni nani kapiga? Nikasubiri wiki nzima nisikie nani kakamatwa, nani kajenga ghorofa, tenda ilikuwa ya shemeji wa nani. Hakuna! Hela yote ilienda kweli kwenye banda. Mawe ya granite, chuma, mkadiriaji gharama kalipwa, na mpaka mtaalamu wa mambo ya kale kalipwa aangalie wanapochimba maana jengo ni la kihistoria. Risiti zote zipo. Sisi tumezoea wizi, na wizi una mwisho, mwizi anajulikana hata kama hafungwi. Hapa idara ya majengo inasema ilifuata taratibu, mkandarasi kafanya alichoambiwa, waziri hakuwa na habari, na kila mmoja anasema kweli. Hasira inakosa wa kumshukia, ndo maana inarudi kila siku kwenye chai.

Na banda limewaficha kitu. Mwezi ule ule, Septemba 2024, mahakama ya Ulaya ilitoa hukumu ya Apple. Kaka wa Cork, hao wako mjini kwako tangu 1980. Tume ya Ulaya ilisema 2016 Apple inadaiwa kodi na Ayalandi, bilioni 13, wadau. Serikali ikasema hatuzitaki, ikakata rufaa, ikalipa mawakili miaka na miaka ili ISILIPWE. Ikashindwa, ikalazimishwa kupokea, na ukijumlisha riba ikawa kama bilioni 14. Nyumbani nilipomhadithia mzee wangu kwenye simu akakata akidhani mtandao unaharibu sauti, nilipopiga tena akaniambia rudia polepole. Serikali imeshtaki ili isipewe hela? Ndiyo baba.

Ila ukifikiri wana sababu. Hazina ya hapa inajazwa na kodi ya makampuni ya kigeni, na sehemu kubwa yake inatoka kwa kampuni chache tu, ukiwatisha hao ukabaki na nini, mvua? Kwa hiyo kelele za ubadhirifu mimi huwa naziona zimepotea njia. Nchi hii ina hela, kisichowezekana ni kujenga kwa wakati. Uwanja wa ndege wa Dublin hauna treni. Metro inazungumzwa zaidi ya miaka ishirini, kibali cha reli kimetoka Oktoba 2025. Watu wasio na makazi walioko kwenye malazi ya dharura wamevuka elfu 16 huku bajeti ina ziada. Hilo mtu wa chai halisemi kwa sababu halichekeshi.

Halafu kuna farasi. Bajeti ya 2025 mfuko wa farasi na mbwa wa mbio ulipewa euro milioni 99, asilimia 80 farasi, 20 mbwa. Mbwa wanaokimbia duara! Kila mwaka wabunge kadhaa wanapiga kelele, kila mwaka inapita. Jaribu kusema pale jikoni kwako mbwa wasipewe, lazima kuna mmoja ana binamu anafuga.

Zamu_ya_Asubuhi

Aisee Mbishi hiyo ya kukataa hela imenitoa jasho. Leo asubuhi nikamfunga babu vifungo huku namchokoza, babu kumbe mlikataa bilioni 13? Akasema Apple wamelisha watu mtaa wa Hollyhill wakati viwanda vingine vinafunga, usiwaguse. Ikaisha hapo.

Halafu bila kuulizwa akahamia ukumbi. Mnaujua ukumbi wa matamasha wa Cork? Februari 2016, siku chache kabla ya uchaguzi, waziri mkuu wa wakati ule Enda Kenny alikuja mpaka pale palipokuwa kiwanda cha bia cha Beamish, akashika koleo, akachota udongo, kamera zikapiga. Miaka ikapita, makadirio yakapanda, tenda ikaanzwa upya, ukumbi hakuna. Babu anasema kitu pekee kilichokamilika kwa wakati ni lile koleo. Mama Mapacha nadhani ulichosema kuhusu Dublin ndo hiki, maana alimalizia kwa kusema ingekuwa Dublin ungeshajengwa na kubomolewa na kujengwa tena.

Na mbona kila nikimtaja rais mpya watu wanacheka wanasema Gavin? Gavin si ndiye aliyeshindwa?

Nesi_wa_Boyne (Drogheda)

Gavin ni hadithi nzuri mdogo wangu, ina siasa na mpira na kodi ya nyumba humo humo. Jim Gavin aliifundisha Dublin futiboli ya Kigaeli, mchezo mwingine wa GAA, ikabeba kombe la nchi mara 6, mara tano mfululizo 2015 hadi 2019. Halafu akaongoza kamati iliyobadilisha sheria za mchezo, ukipiga juu ya mwamba kutoka nje ya duara la mita 40 ni pointi 2, na 2025 watu waliokuwa wanasinzia uwanjani wakaamka. Fianna Fáil wakaona huyu anapendwa, wakamfanya mgombea urais. Kwenye midahalo akawa hana maneno. Kisha ikatoka kwamba zamani alikuwa na nyumba ya kupangisha na mpangaji akamlipa zaidi kwa bahati mbaya, euro 3,300, mwaka 2009, hakurudishiwa. Sasa kwa nchi ambayo kila mpangaji ana jeraha lake, hapo hata makombe 6 hayakusaidia. Akajitoa mwanzoni mwa Oktoba 2025, jina likabaki kwenye karatasi, na bado asilimia 7 wakampigia. Angalia tena ukubwa wa hela, elfu tatu! Kanyagia alisema kweli, hela ambayo mtu anaweza kuishika mkononi ndo inaangusha wakubwa hapa.

Catherine Connolly wa Galway akashinda kwa asilimia 63. Lakini mimi niliangalia kura zilizoharibika, zaidi ya laki mbili, kama asilimia 13. Wengine waliandika kwamba mtu wao hakuruhusiwa kugombea, wengine waliandika mambo juu yetu sisi tuliokuja.

Na hapa sitanii kama wenzangu. Gharama za kuwahifadhi waomba hifadhi zilivuka bilioni 1 mwaka 2024, na nyingi zinaingia kwa wenye hoteli na majengo, ila hilo watu wanaliruka. Utamsikia mtu anaanza na banda, mnacheka wote, anapita hospitali, anapita nyumba, na sentensi ya tano ni hawa wageni. Mgonjwa wangu mmoja alifika huko mimi namfunga bandeji mguuni. Akanyamaza, akaniangalia, akasema sio wewe mpenzi. Nikamwambia nimemaliza, mguu uuweke juu. Tangu zile fujo za Dublin Novemba 2023 mabasi yanachomwa, mimi mazungumzo ya hela za umma nasikiliza yanaelekea wapi kabla sijacheka. Kwa unayemwamini ongea, mweleze kodi unayolipa ni ya kila mwezi inakatwa kama yake. Kwa usiyemwamini rudi kwenye mvua.

Lingine ambalo wengi wetu hatulijui na linaniuma. Kura ya madiwani hapa huhitaji uraia. Ukiwa mkaazi umefikisha miaka 18 unajiandikisha na namba yako ya PPS, ile ya kodi na huduma, unapiga, na hata kugombea unaruhusiwa. Ya mwisho ilikuwa Juni 2024, ni kila miaka mitano. Bunge ni la raia wa hapa na Waingereza, rais ni raia wa hapa tu, lakini diwani ndo wa taa za mtaa na nyumba za halmashauri, na anakuja mwenyewe mlangoni kwako jioni na vipeperushi vimelowa. Mwambie umejiandikisha uone anavyotoa kalamu. Mwaka jana, kabla ya uchaguzi... hapana ilikuwa 2024, mmoja alinisikiliza habari ya kituo cha basi mlangoni pangu mpaka chai yangu ikapoa, na kibanda cha basi kikaja. Sijauliza kiligharimu ngapi.

Mbishi_Magharibi

"Sijauliza kiligharimu ngapi" 😂😂 Mama Mapacha njoo umwone mwenzio.

Mama_Mapacha

Nimemwona. Kibanda kikiwa cha kwako ni bei halali.

Kanyagia_Kando

Nesi umeniweka kimya kidogo, ni ukweli. Nimpe ndugu yetu mada moja salama ya kuongea na mtu yeyote kuanzia babu mpaka polisi: Troy Parrott. Hii ni soka ya kawaida. Novemba 2025 Ayalandi iko karibu kutolewa mbio za Kombe la Dunia, inakuja Ureno Dublin, Parrott anapiga mbili, 2-0, Ronaldo anakula kadi nyekundu. Siku tatu baadaye Budapest na Hungaria, wanahitaji ushindi tu. Parrott anafunga zote tatu, ya mwisho dakika ya 96, 3-2. Mimi nilikuwa na piza ya mtu mkononi, mlango ukafunguliwa na mzee analia, akanikumbatia na piza ikiwa katikati yetu. Sikumjua, hakunijua. Kocha wao mwenyewe ni daktari wa meno kutoka Iceland, Heimir Hallgrímsson.

Lakini hata hapo usidhani wanasahau hela. Yule mzee akifuta machozi akasema sasa ngoja FAI waiharibu. FAI ni shirikisho lao. Bosi wao wa zamani John Delaney, ilitoka 2019 kwamba alikuwa amelikopesha shirikisho lake mwenyewe euro laki moja, watu wakauliza shirikisho linakopeshwaje na mwajiriwa wake, mechi na Georgia mashabiki wakatupa mipira ya tenisi uwanjani mpaka ikasimama, na 2020 serikali ikabidi iliokoe kwa hela za umma. Kwa hivyo mpira wa miguu wanaupenda na FAI hawaipendi, ukilijua hilo umeshajua nusu ya mazungumzo.

Mbishi_Magharibi

Na karibu milioni 10 za umma zilizosaidia kuleta mechi ya futiboli ya Marekani Croke Park, Septemba 2025? Hiyo mbona hamuisemi? Steelers na Vikings, hoteli zilijaa, basi imesamehewa.

Zamu_ya_Asubuhi

Wakuu nimepata zaidi ya nilichoomba. Leo kwenye chai nimesema neno moja tu, "ndala", meza nzima ikalipuka, dada wa kufua akanimiminia chai kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi.

Nesi swali la mwisho. Kwa hiyo mimi na pasi yangu ya Tanzania napiga kura ya diwani kihalali kabisa? Na huo mtindo wao wa kupanga wagombea 1, 2, 3, kura inahama vipi? Maana babu ameshajua nimeulizia fomu na ameshaniambia chama. Mimi kuna dada mmoja mtaani kwetu si wa chama chake ndo ninayemwona anahangaika na mitaro.

Nesi_wa_Boyne

Kihalali kabisa. Unampa namba 1 unayemtaka, 2 anayefuata, unaendelea mpaka uchoke. Wako akipita kwa kura za ziada au akitolewa, kura yako inaweza kuhamia kwa anayefuata, ndo maana kuhesabu kunachukua siku na kuna wazee wamesimama nyuma ya kizuizi na penseli wanahesabu kwa macho. Mpe dada wa mitaro namba 1. Mtu wa Fianna Fáil mpe 2. Babu akikuuliza mwambie ulimkumbuka.